Mwenye kuandika fakture ya opitali naye anatibu

Shemeji yangu, bibi ya mdogo wangu, alikaa siku tisa kwenye opitali moja ya hapa Lushi, Lubumbashi yetu, akiwa amesha kupona. Nyuzi zimetolewa, anatembea, anakula bukari, munganga amemwambia mama enda nyumbani, lakini pale kwa mlango sentineli anaomba boni ya kutoka na boni haiko. Kilichomfunga ni fakture. Mdogo wangu ni shofere wa sosyete moja inayofanya kazi za migodi, sosyete iko na konvansyo na ile opitali, kwa hiyo sisi wote tulilala usingizi tukijua italipa, kumbe ilirudisha fakture na kuandika juu yake kwa biki nyekundu: haieleweki.

Nilipoomba kuona zile karatasi, dakika mbili zilitosha. Usiku aliofika alikuwa anazimia kwa maumivu, infirmye wa resepsyo akaandika pale kwenye sababu ya kuja "maumivu ya tumbo", na hakukosea, saa ile njo kitu pekee alichokijua. Kwenye chumba cha operesheni wakafungua wakakuta mimba imeshika ndani ya mrija wa uzazi na mrija umepasuka, damu imejaa tumboni, wakakata, wakafunga, wakamuongezea mifuko miwili ya damu, wakamuokoa kabisa, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo. Ila hakuna aliyerudi juu ya fishi kubadilisha ile sababu. Mwenye kuandika fakture akanakili alichokiona: juu maumivu ya tumbo, chini operesheni kubwa, damu, siku sita za kulazwa, dawa. Munganga wa sosyete anayekagua fakture akasoma kwamba mtu aliumwa tumbo halafu akapasuliwa na kuwekewa damu, akakataa. Mimi ningekuwa kwenye kiti chake ningekataa vilevile.

Nimefanya kazi kwenye biro ya fakture miaka sita, opitali ingine, na kitu ninachotaka watu wa huu mji waelewe ni kwamba ile kazi ni sehemu ya matibabu. Wakubwa wa opitali wanaiona kama kazi ya mtu wa feza, wanaiweka pembeni ya kesye, wanampa kijana yeyote anayejua Excel, mara nyingi mtoto wa mtu, hajawahi kufunguliwa kitabu cha mwili wa binadamu hata siku moja, halafu fakture zikirudi mwisho wa mwezi kama mvua wanamfokea yeye. Huyo kijana umemuomba asome maandishi ya munganga, ajue mrija uko wapi, ajue damu iliongezwa kwa sababu gani, na ageuze hayo yote kuwa kitu ambacho mtu aliye mbali, asiyemuona mgonjwa, ataamini. Hiyo ni kazi ya afya.

Kitu hicho kinaitwa kode. Nasema kode, msinichanganye na kodi ya nyumba: ni herufi na namba zinazosimama mahali pa jina la ugonjwa ili Lubumbashi, Paris na Tokyo wakiandika kitu wawe wanaongelea kitu kimoja. Kwa hesabu ya CIM-10, orodha ya magonjwa ya dunia nzima, mimba iliyoshika kwenye mrija ni O00.1. Maumivu ya tumbo yasiyojulikana yametokea wapi ni R10.4. Angalieni ile herufi R, kwa sababu kesi nzima ya shemeji yangu iko ndani yake. R ni sura ya kitabu inayohusu dalili tu, mahali unaweka mtu ambaye bado haujajua ana nini: homa, kizunguzungu, tumbo linauma. Inaruhusiwa, inasaidia, saa nane za usiku hauna ingine. Lakini mtu akishapasuliwa na ugonjwa ukaonekana kwa macho, kumuacha kwenye R ni kusema opitali yenyewe haijui ilimpasulia nini. Nimeona fakture mamia zimekufa kwa R.

Hii orodha haikutokea kwa kompyuta kama vijana wengi wanavyofikiri. Jacques Bertillon, mtu wa takwimu wa mji wa Paris, njo aliyepeleka orodha yake mbele ya wenzake kule Chicago mwaka 1893, na wakati ule ilikuwa orodha ya sababu za kifo tu, watu walitaka kujua miji inakufa na nini. Mwaka 1900 mataifa yakakaa kuirekebisha mara ya kwanza. Ilipofika 1948 Shirika la Afya Duniani likaichukua, marekebisho ya sita, na hapo njo wakaingiza magonjwa ya watu wanaoishi. Mimi hiyo 1948 naipenda sana, kwa sababu ndiyo siku mgonjwa aliyepona alipata nafasi kwenye kitabu. CIM-10 ilipitishwa 1990, nchi zikaanza kuitumia 1994, na CIM-11 imepitishwa 2019 ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Wamarekani wenyewe, ambao leo wanatuuzia masomo ya kode kwa intaneti, waliacha ile ya tisa tarehe 1 Oktoba 2015 tu, na walipohamia walijitengenezea toleo lao lenye kode karibu 70 000 wakati ile ya Shirika la Afya iko karibu 14 000.

Kode ya ugonjwa peke yake hailipi kitu. Inatakiwa iende pamoja na kile ulichofanya: konsiltasyo, labo, ekografi, operesheni, siku za kitanda. Marekani wana kitabu cha pili cha matendo hayo, CPT, kilichotolewa mara ya kwanza na chama cha waganga wao mwaka 1966, kila tendo na namba zake tano, kwa mfano kuzalisha kwa sezariene bila kuhesabu kliniki za kabla na za baada ni 59514. Hapa kwetu kila konvansyo niliyowahi kushika ilikuja na karatasi yake ya bei, sosyete hii inasema kipimo cha damu ni kitu kimoja, ile inagawanya mara tatu, asiransi ingine inataka uombe ruhusa kabla ya ekografi na ingine haitaki. Mtu wa fakture anabeba yote hayo kichwani. Halafu kazi yake, ukiitazama vizuri, ni kulinganisha tu: je, hiki kilichofanywa kinatokana na huu ugonjwa ulioandikwa? Kikitokana, fakture inapita. Kisipotokana, ama kuna mtu ameiba ama kuna mtu amesahau kuandika, na kwa miaka yangu sita waliosahau walikuwa wengi sana kuliko walioiba.

Kwa nini jambo hili limekuwa kubwa Lubumbashi kuliko zamani? Muulizeni mzee yeyote wa Gécamines, ile sosyete ya migodi ya serikali. Wakati ule sosyete ilikuwa na opitali zake, mtoto akiumwa unaonyesha kitambulisho cha baba, mnatibiwa, mnarudi nyumbani, fakture hamkuiona kwa sababu aliyetibu na aliyelipa alikuwa mtu mmoja. Halafu mambo yakaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaondoka kwa ule mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari, hiari ambayo kila familia ya hapa inajua ilikuwa hiari ya namna gani, na pamoja na kazi ikaenda na ile karatasi ya kuingilia opitali. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kumtibia mfanyakazi na familia yake, na sosyete za migodi zilizokuja baadaye nyingi hazina opitali, zinaandikiana konvansyo na opitali za mji. Kwa hiyo kati ya munganga na mwenye kulipa kumewekwa karatasi. Wote wawili hawajuani, hawaaminiani sana, na mtu mmoja tu anasimama katikati. Huyo mtu hatujamfundisha.

Na karatasi ikishindwa, anayeshikwa ni mgonjwa. Hii tabia ya kushika watu kwa deni si ya opitali moja. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walipita kwenye opitali na kliniki zaidi ya 20 hapa hapa Lubumbashi wakakuta zote isipokuwa moja zinazuia wagonjwa wasioweza kulipa. Sisi wa ndani hatukushangaa. Nimeona mama amejifungua anazunguka uwanja wa opitali wiki ya tatu na mtoto mgongoni, nimeona ndugu wanaleta sahani ya chakula kwa mtu mzima wa afya kama wanapeleka gerezani. Najua opitali nazo zinapumua kwa shida, serikali haizipi cha kutosha, oksijeni na mafuta ya jenereta vinanunuliwa na zile zile feza za mgonjwa, mkurugenzi ambaye hashiki mtu atakosa ga za kuvaa mikononi mwezi unaofuata. Haya yote nayajua. Lakini tofautisha aliyekosa feza na yule ambaye feza yake iko kwa sosyete na imekwama kwa sababu hakuna aliyeandika O00.1. Wa pili ni kosa letu sisi, na tunamlaza chini kwa kosa letu.

Niongelee na palu, yaani malaria, maana hapa njo ninapokasirika kabisa. Ukimkuta mtu wa komini ya Katuba au ya Ruashi ameinamisha kichwa, ukamuuliza una nini, atakujibu palu na tifo. Vyote viwili, daima pamoja, kama ndugu. Na kwenye fishi utakuta vivyo hivyo: palu + tifo. Kwa mtu wa kode hayo ni maswali: Palu iliyothibitishwa kwa kipimo kuwa ya kile kidudu cha falciparum iko kwenye B50, palu ambayo mtu ameisema tu bila kuithibitisha ni B54, tifo ni A01.0. Ukiniletea fishi ya "palu + tifo" bila karatasi ya labo mimi nitaandika B54 na kukurudishia, na ukiniambia tifo umeiona kwa kipimo cha damu cha Widal peke yake nitakuuliza mara mbili, kwa sababu ile Widal mtu aliyewahi kuumwa zamani anaweza kutoka nayo juu hata kama leo ana kikohozi tu. Waganga vijana walikuwa wananichukia kwa hilo. Wengine baadaye walinishukuru, kwa sababu walianza kuomba kipimo kabla ya kuandika dawa. Hiyo njo maana yangu nikisema mwenye fakture anatibu: swali lake linarudi mpaka kwenye kitanda. Na namba hizo haziishii kwa kesye, ripoti ya kila mwezi inapanda zoni ya afya, kutoka hapo inaingia kwenye DHIS2 ya taifa, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na kule juu mtu anakaa anahesabu zoni ipewe dawa ngapi za palu. Tukiandika palu kwa kila homa, kwenye ile ripoti tifo ya kweli inayopasua matumbo ya watoto inaonekana ndogo.

Kuna upande mwingine ambao lazima niuseme. Mwaka wangu wa pili, mkuu wangu alikuja na fishi ya mtoto mwenye palu ya kawaida, B50.9, akasema andika palu kali, sosyete inalipa zaidi. Niliandika. Nilikuwa na miaka 24, naogopa kufukuzwa, na niliandika zingine kama tano hivi kabla ya siku niliyomkatalia. Nayasema kwa sababu kila mahali ambapo feza inafuata kode, kode itasukumwa. Marekani walipoanza mwaka 1983 kulipa opitali zinazotibu wazee kwa kikundi cha ugonjwa, bei moja kwa kila kikundi badala ya kuhesabu kila sindano, opitali zilijifunza haraka sana kwamba mgonjwa yule yule akiandikwa mzito kidogo analeta zaidi. Njo maana mtu wa kode anatakiwa awe na taaluma yake, mtihani wake, chama chake, kitu cha kumfanya aweze kumwambia mkubwa hapana na bado apate kazi kwingine. Kijana wa Excel hana hicho kitu. Akikataa, kesho wanaleta mwingine.

Sasa vijana wananiandikia kila wiki: kaka, kuna masomo ya kode ya Marekani, unasoma nyumbani, unafanyia kazi nyumbani, ni kweli? Ni kweli kazi iko. Wahindi na Wafilipino wanaifanya kwa maelfu. Mtihani unaojulikana zaidi, CPC, ni maswali 100 ndani ya saa 4, unatakiwa upate asilimia 70, na yote ni Kiingereza cha ndani kabisa pamoja na sheria za malipo za kule kwao. Ila fikiria vizuri kabla ya kutoa feza ya mchango wa familia. Kliniki ya Marekani inafungwa na sheria ya siri za mgonjwa ya mwaka 1996, haitakupa mafaili kwa sababu una sertifika tu, inapitia makampuni makubwa, na makampuni hayo yanataka stima isiyokatika na intaneti isiyolala. Hapa kwetu SNEL ikiamua kutupumzisha siku mbili, fakture za watu wa Texas zitamngoja nani? Simkatazi mtu. Mwenye Kiingereza kizuri na mahali pa kufanyia kazi ajaribu.

Lakini mnaacha kazi iliyo mlangoni. Mtoto wa ISTM, ile shule ya juu ya ufundi wa kiganga, aliyesoma usimamizi wa taasisi za afya, au infirmye aliyechoka na zamu za usiku mgongo unauma, akiongeza miezi michache ya kode anakuwa mtu ambaye opitali yoyote yenye konvansyo tano au sita inamhitaji, hata kama mkurugenzi bado hajui kwamba anamhitaji. Na haulazimiki kulipa dola mia nane kwa mtu wa YouTube. CIM-11 iko kwenye intaneti bure, kwa Kifaransa, na Shirika la Afya liko na masomo ya bure ya CIM-10. Anza na mwili: viungo, mifumo, maneno ya Kilatini na Kigiriki ambayo waganga wanapenda. Mtu akisikia salpenjektomi ajue moja kwa moja ni mrija umetolewa. Halafu chukua fishi za zamani, funika jina la mgonjwa, jaribu kuandika kode, linganisha na mwenzako, mkigombana vizuri mtajifunza. Mwalimu wangu alikuwa infirmye mmoja mzee aliyekuwa anasoma fishi nzima kutoka mwisho kwenda mwanzo, anaanzia kwa protokole ya operesheni, anasema mwanzo wa fishi ni mahali watu walipokuwa hawajui kitu.

Wengine watasema tuache haya mambo ya kuhesabu, tulipishe forfe, bei moja kwa sezariene, bei moja kwa palu ya mtoto, kila mtu ajue kabla ya kuingia. Naunga mkono, forfe imesaidia akina mama wengi, mtu anajua anatafuta feza ngapi. Na mpango wa kuzaa bila kulipa ulioanzia Kinshasa Septemba 2023 umeenda mbali zaidi, mama halipi, mfuko wa serikali njo unalipa. Ila forfe ya nini? Lazima mtu aseme huyu alizaa kawaida, O80, na yule alizaa kwa sezariene, O82, na aseme ukweli, kwa sababu anayelipa yuko mbali zaidi kuliko sosyete yoyote ya migodi. Kadiri mgonjwa anavyotolewa kwenye mambo ya malipo njo kazi ya kode inavyozidi kuwa nzito. Tukipanua huo mpango na vijana wa Excel wale wale, opitali zitakaa miezi zikingoja feza ya fakture zilizorudi, halafu zitaanza kumuomba mama alipe chini ya meza.

Nirudi kwa shemeji. Siku ya nane niliomba kuonana na munganga aliyempasua, kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamwambia sitaki msamaha wa deni, nataka unipe protokole ya operesheni na saini yako kwenye diagnostike ya mwisho. Alishangaa, hakuna aliyewahi kumuomba. Aliandika palepale, mistari kumi na mbili. Nikakaa na yule kijana wa fakture, nikamuonyesha mahali pa kufuta R10.4 na kuweka O00.1, tukapanga upya: operesheni chini ya ugonjwa wake, damu chini ya operesheni, siku za kitanda chini ya yote. Alikuwa anaandika kila ninachosema kwenye daftari yake. Tukatuma asubuhi, sosyete ikakubali kwa simu mchana, boni ya kutoka ikatoka saa kumi jioni, siku ya tisa.

Kwenye taksi kuelekea Kenya, komini yao, shemeji aliomba aone karatasi. Akaweka kidole kwenye ile O00.1, akaniuliza inasema nini. Nikamwambia. Alinyamaza mpaka tukapita soko, halafu akauliza kama siku zote zile alizokuwa amelala pale hakuna karatasi hata moja iliyokuwa inasema alipoteza mimba.

Nikamwambia hapana, haikuwepo.